Mizunguko Mitatu kwa Magoti

Mama mkwe wangu Felisbela hakunipenda. Nalisema bila kinyongo, maana hata yeye hakulificha. Siku ya harusi yangu na binti yake Graça aliishika mikono yangu mbele ya wageni, akaigeuza huku na huku kama mtu anayechagua viazi, akasema, "Hii ya kupaka chokaa tu. Haijawahi kumkamata mbuzi."

Alikuwa mtu wa milimani, kule kaskazini tunakopakana na Hispania. Mumewe alikufa mapema, akabaki na mbuzi wake, shamba la mawe na jiko jeusi kwa moshi wa soseji alizozikausha mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Valadares, kwenye pwani ya kusini mwa Porto. Kwake yeye, watu wa pwani ni walaji samaki, waongeaji, wasioamka mapema.

Kwa hiyo nilipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, nyonga ikavunjika na fahamu zikanitoka, sikutazamia lolote kutoka kwake. Hakuja hospitali. Alituma soseji kwa basi, basi. Nilipoamka na kuanza kujifunza kutembea upya, nikichechemea mguu wa kushoto, hakupiga simu kuniuliza hali.

Novemba iliyofuata akampigia Graça. "Jumapili nakuja. Mwambie mumeo anipeleke Miramar, kwenye lile kanisa la ufuoni la Bwana wa Mwamba."

Tulishangaa. Mwanamke huyu alikuwa na miaka sabini na tatu na hakuwahi kuiona bahari.

Jumapili hiyo jua liliwaka vizuri, lakini dhoruba ilikuwa imepita mbali huko baharini na mawimbi yake ndiyo kwanza yalikuwa yanatufikia. Tena ilikuwa bamvua, siku maji yanapojaa kuliko kawaida. Tulipoegesha gari juu ya ufuo nililisikia lile dundo la maji kabla sijafungua mlango. Kanisa dogo lilisimama peke yake juu ya mwamba kwenye mchanga, limeipa bahari mgongo kama kawaida yake, na kila wimbi lililopiga nyuma yake lilirusha povu juu ya paa.

Mama mkwe aliitazama bahari kitambo kidogo. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Akafungua mfuko wake, akatoa vipande viwili vya blanketi kuukuu, akaketi kwenye kiti cha gari na kuanza kuvifunga magotini.

Graça ndiye aliyeelewa kwanza. "Mama! Umeweka nadhiri?"

"Mizunguko mitatu."

"Kwa magoti? Wewe? Ngazi za nyumbani kwako tu zinakushinda!"

"Magoti ni yangu. Nikitaka kuyamaliza leo, nitayamaliza."

Nikajaribu kutuliza mambo kwa mzaha. "Na ulimwomba nini Bwana wa Mwamba, mama? Mbuzi wazae mapacha?"

Alikaza fundo, kisha akainua macho.

"Nilikuombea wewe."

Mzaha ukaniisha.

"Huyu aliponipigia simu kwamba umeanguka, nilikuwa nimesimama jikoni," akasema. "Mbele yangu ukutani kuna kalenda ya duka la chakula cha mifugo, ina picha ya kanisa hili. Nikasema, Bwana, yule mjinga akiamka, nitakuzunguka mara tatu kwa magoti kabla mwaka haujaisha. Nawe ukaamka. Mwaka tangu uanguke unaisha leo. Sasa nipishe."

Nilimpisha. Nikachukua mkongojo wake, Graça akamshika mkono, tukashuka mchangani, tukapanda ngazi za mwamba.

Mlangoni pa kanisa tulimkuta Dona Lucinda, mama anayelitunza, akiwa tayari na ufunguo mkononi. Alipoona yale mablanketi akatikisa kichwa. "Bibi, maji yanajaa. Njoo kesho asubuhi, yatakuwa yamekupwa, nitakuwekea na mshumaa."

"Kesho nitakuwa mwongo," mama mkwe akamjibu, na papo hapo akapiga magoti.

Njia ya kulizunguka kanisa ni ukingo wa mwamba tu. Mbele ni pana, nyuma ni nyembamba, na bahari iko chini yako pale pale. Nilimfuata kwa karibu, mkono mmoja ukutani. Mzunguko wa kwanza ulikwenda salama. Alitambaa akisali kwa sauti ya chini, na kila alipofika penye jiwe kali alikatisha sala, akalilaani, akaendelea.

Wa pili, manyunyu ya chumvi yalitulowesha wote wawili. Tulipotokea mbele tena, Graça alikuwa akilia.

"Amadeu, mtoe! Huoni maji yameshafika kwenye ngazi?"

Ni kweli. Ulimi wa maji ulikuwa umepita pande zote mbili za mwamba na kukutana mchangani. Tulikuwa kisiwani.

"Mama, yatosha," nikasema. "Mungu ameona."

"Mungu ameona miwili. Ilikuwa mitatu." Kisha, bila kunitazama: "Ukiogopa, kaa hapo na mkeo."

Nilikuwa naogopa, tena sana. Nimekulia hapa, naijua bahari hii inapokuwa hivi. Lakini alishakunja kona, nikamfuata.

Tulikuwa tumeupita mgongo wa kanisa kidogo tu niliposikia kimya. Dundo lilikoma. Nikatazama chini: maji yalikuwa yamerudi nyuma, yakaacha mawe yenye majani ya bahari wazi kabisa, meusi, yakichuruzika. Nikajua.

"Mama, lala chini! Lala!"

Nilijitupa juu yake. Nikaingiza vidole vya mkono wa kulia katika ufa wa mwamba, na wa kushoto ukashika koti lake mgongoni. Wimbi likatufunika. Halikuwa kama maji. Lilikuwa kama ukuta unaoangushwa juu ya mtu. Sikuona kitu, nilisikia tu ngurumo ndani ya kichwa. Lilipoanza kurudi ndipo lilipotaka kumchukua. Mkongojo ulikwenda, kilemba chake kilikwenda, na nilipofumbua macho miguu yake yote miwili ilikuwa inaning'inia nje ya ukingo. Vifungo vya koti vilikatika kimoja baada ya kingine. Nyonga yangu iliwaka moto.

Nilimwona uso. Mvi zimemganda usoni, macho yametoka. Nilidhani atamtaja Bikira Maria.

"Vuta, mjinga wewe!" akapiga kelele. "Vuta!"

Nikavuta. Sijui kwa nguvu ipi. Akapanda kwa tumbo kama mwanakondoo anayezaliwa, akanikwaruza shingo kwa kucha, akashika mkanda wangu.

Kurudi tulikotoka kulikuwa mbali zaidi kuliko kusonga mbele. Kusimama sikuweza. Basi tulitambaa, yeye upande wa ukuta, mimi upande wa bahari, bega kwa bega, na wimbi la pili lilitupiga kiunoni bila kututoa. Tukatokea mbele. Dona Lucinda na Graça wakatukamata kwa nywele, kwa nguo, kwa chochote, wakatuburuta ndani na kufunga mlango.

Graça alinizaba kofi. Kisha akaniangukia shingoni.

Mle ndani kulikuwa na giza la mishumaa, na kila wimbi lilitikisa vioo. Mama mkwe alilazwa kwenye benchi, amefunikwa shali ya Dona Lucinda. Midomo yake ilikuwa ya samawati. Graça alimsugua miguu, akamwita, hakuitika. Akamwita tena. Dona Lucinda akaanza sala ya wanaokufa.

"Mama," nikasema. "Mama Felisbela. Umemaliza mitatu. Nimehesabu."

Jicho moja likafunguka.

"Bahari yenu," akasema, akipumua kwa shida, "haina adabu."

Dona Lucinda akaiacha sala yake katikati.

Wazima moto waliitwa na mtu wa mkahawa wa ufuoni. Walitutoa maji yalipopungua. Alikataa machela hadi wakamtishia. Kifua kilimbana, akakaa kwetu wiki kadhaa, akilalamikia supu ya Graça na usingizi wangu. Kila Jumapili alirudia ubishi ule ule: mzunguko wa tatu ulikuwa halali au la, ikiwa mimi nilimvuta? Padre alisema ni halali. Hakumwamini, padre naye ni mtu wa pwani.

Hakunishukuru, wala mimi sikujua nimshukuru vipi. Nilijaribu mara moja, nikimmiminia chai. "Kunywa yako, itapoa," akasema.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza hadi kituo cha basi, asubuhi ya upepo. Basi lilipoanza kurudi nyuma aligonga kioo kwa pete yake, akanitazama mimi, akasema kitu. Sikumsikia.

"Amesema nini?" nikamuuliza Graça.

"Amesema ufunge koti."