Rangi ya Maji ya Yordani

Kila alfajiri, kabla sijachemsha chai wala kusalimiana na mtu, nachora kitu kimoja kwa mkaa. Kazi inayonilisha ni kuandika mabango ya maduka na saluni hapa Ifakara, lakini mchoro wa alfajiri siuuzi. Nafanya ishara ya msalaba, nakaa kimya, nangoja. Mara kinakuja kiatu kilichopinda, mara mpini wa jembe. Nikisema kinakuja simaanishi kwamba nasikia sauti. Ni jicho tu, linatua mahali na kukataa kuondoka. Nani analituliza hapo, nimejiuliza miaka mingi.

Mwaka juzi katekista wa kigango kimoja cha upande wa Mngeta aliniomba nichore ubatizo wa Yesu ukutani, nyuma ya altare. Nilikubali haraka. Sura za watu hazikunisumbua. Kilichonikwamisha ni mto. Katika picha zote nilizowahi kuona, Yordani ni wa bluu kama anga, nami sijawahi kuona mto wa bluu. Basi mchoro wangu wa alfajiri nikauhamishia Mto Kilombero. Nilikaa juu ukingoni, mbali na maji kwa kuogopa mamba, nikichanganya rangi kwenye sahani ya bati. Kila nilipokaribia kuipata, maji yalikuwa yameshabadilika.

Siku ya nne akaja mama mmoja wa Kisukuma, ananywesha ng'ombe wake. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama nyuma yangu akitazama sahani. Nilimweleza shida yangu, nikamuuliza yeye anaona maji yana rangi gani.

"Inategemea ng'ombe wangapi wameshaingia," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anafikiri. Kisha akauliza, "Huyo Yesu wenu alibatizwa asubuhi au jioni?"

Nimelelewa kanisani, nimeisikia habari hiyo tangu utotoni, na halikuwahi kunijia swali hilo. Niliporudi mjini nikamuuliza mwenye nyumba wangu, muuza duka ambaye wazee wake walitoka pwani. Alisema hayo ni ya dini yangu, lakini yeye angedhani ni alfajiri, maana ndipo mtu anapotawadha. Nikampigia mama yangu simu Malinyi. Akasema ni mchana, kwa sababu watu walitoka mbali kwa miguu. Katekista naye akaniomba nisimchanganye.

Ndipo nikakaa na Maandiko nikaisoma habari yenyewe polepole, neno kwa neno, kama ninavyotazama kitu ninachotaka kukichora. Saa haikutajwa. Lakini niliona jambo nililokuwa nalipita siku zote: watu wote walikuwa wameshabatizwa, ndipo na yeye akabatizwa. Nikaweka kidole pale. Kama umati wote ulishaingia mtoni, basi alishuka kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa na miguu ya watu.

Nilichora maji ya tope. Nilichukua rangi ya udongo, nikatia kijani kidogo cha matete, nikamsimamisha Yesu ndani yake hadi kiunoni.

Katekista alipoiona alishika kiuno. Aliniuliza kwa upole kama rangi ya bluu iliisha dukani. Nikamfungulia ule mstari, nikamsomea, nikamweleza kuhusu miguu. Aliurudia mwenyewe kimya. Akasogea ukutani, akaangalia maji, akasema, "Kwa hiyo alipanga foleni."

"Naona hivyo," nikamjibu.

Hakuniambia nibadilishe. Jua sikulichora popote, wala kivuli, kwa kuwa saa sikuijua. Jumapili ya kwanza, baada ya misa, watu walibaki mlangoni wakibishana. Wanawake wawili waliotoka kupandikiza mpunga wiki nzima walishikilia kwamba ni jioni, mwanga unaonekana wazi ni wa jioni. Mzee mmoja alisema ni asubuhi, na haoni wanabishania nini. Nilisimama karibu nao nikasikiliza. Hakuna aliyeuliza kuhusu tope.