Maji ya Ubatizo

Mzee mtunza kanisa humtambua kwa kucha. Yule binti wa kwaya ana udongo kwenye kucha hata Jumapili, na kila ukurasa wa kitabu chake cha nyimbo una alama ya kidole gumba. Vijana wenzake wamembandika jina la Mama Miche, naye huitika bila kinyongo. Ubatizo ukiisha, yeye ndiye wa kwanza kufika kwenye beseni, ndoo mkononi. Mara ya kwanza mzee alimzuia.

“Mjukuu wangu, hayo ni maji ya Mungu.”

“Shikamoo, babu. Na miche ni ya nani?”

Mzee akakuna kidevu, akampisha. Binti akapita hadi uani, akapiga goti mbele ya kila mche, akaumiminia maji kikombe kwa kikombe, akinong'ona ile baraka aliyopewa mtoto muda mfupi uliopita. Leo jua ni kali, na mvua haijulikani ilikopotelea. Mzee anaandaa ubatizo. Mtoto ni mmoja tu, kichwa chake hakizidi chungwa, lakini beseni amelijaza pomoni.