Nimemwamkia Mzee

Daktari wa utengamao pale Kibaha, anayewafundisha upya kusema na kutembea waliopata kiharusi, alimkera Bi Raudha tangu alipomleta mumewe kutoka Marui akiwa hawezi kutamka neno. Kila asubuhi huvuta kiti, hushika mkono wa mzee uliolegea, husema, "Shikamoo, baba," kisha husubiri akimtazama mdomo, kana kwamba hana mgonjwa mwingine. Bi Raudha alipoitikia kwa niaba ya mumewe, daktari alisema taratibu, "Mama, nimemwamkia mzee." Leo mzee Mwinyijuma alihangaika mpaka jasho likamtoka. "Ma... rahaba." Daktari akasogeza kiti karibu. "Umeamkaje, baba?" Akamtazama mdomo. Bi Raudha akajifuta machozi, naye akasubiri.