Gudai Kutoka Mikumi

Asubuhi moja nilikuwa nasubiri basi la Kilosa kwenye mgahawa wa stendi ya Mikumi. Bibi mmoja meza ya jirani alifumba macho, akasema polepole, "Gudai, maiti."

Muuza chai akashtuka. "Bibi, kwani nani kafariki?"

"Hakuna, mjukuu wangu. Ndivyo marafiki wanavyosalimiana Australia."

Akatueleza kwamba binti yake ameolewa huko, na mtoto wao hajui Kiswahili. Kila wakipigiana simu ya video, bibi na mjukuu huishia kutazamana tu. Ndiyo maana anajifunza lafudhi yao. Alirudia tena, akiyavuta maneno kwa kona ya mdomo, macho yake kwenye milima ya mbali kana kwamba Australia iko nyuma ya milima hiyo.

Simu ikaita. Sura ndogo ikajaa kwenye kioo. Kabla bibi hajasema lolote, mtoto akatamka, "Shikamoi, bibi."

"Marahabaa!" bibi akajibu, machozi yakimlengalenga.

Muuza chai akainamia simu. "Sema shikamoo."

Bibi akamsogeza kwa kiwiko. "Mwache. Sisi wa Australia ndivyo tunavyosema."