Viatu vya Shemeji Kwenye Kanisa la Wajerumani

Nichekeni tu jamani, maana hapa Mpapura hata watoto wa chekechea wameshanicheka, na aibu yenyewe niliitafuta mwenyewe.

Kikundi chetu cha wakulima kilinituma mimi na Bi Somoe Ujerumani tukatafute mnunuzi wa korosho, tuachane na dalali anayetunyonya (na mimi nikaazima viatu vya shemeji, vyeusi, vinang'aa, nikaonekane mtu mbele ya watu). Basi mwenyeji wetu, mama tuliyetegemea awe mnunuzi, akatupeleka kwanza kutazama kanisa la kale la mji wao, jengo la mawe la karne na karne, mnara umechongoka mpaka ukiutazama kofia inadondoka, na mimi, Mwislamu wa watu niliyezoea msikitini, kufika mlangoni nikavua viatu.

"Bakari, wenzio wote wamevaa," Bi Somoe akaninong'oneza.

"Nyumba ya ibada ni nyumba ya ibada," nikamjibu kwa sauti, nijionyeshe mstaarabu kuliko wenye kanisa.

Mjuaji mimi! Nikaviweka kando ya sanduku, kumbe ndilo la kukusanyia nguo za maskini, nikaingia kushangaa madirisha ya vioo vya rangi huku mawe ya sakafu yananitafuna nyayo kwa baridi, na tulipotoka viatu vimeshabebwa pamoja na mabegi ya nguo. Mwenyeji akaziangalia soksi zangu (kidole gumba kiko nje, kinasalimia watu), akauliza kupitia mkalimani nimepatwa na nini. Ningesema ukweli yangeisha, lakini kiburi! Nikasema, "Asihangaike, kwetu sisi hatuna mazoea ya viatu."

"Yarabi, Bakari, umetumaliza," Bi Somoe akasema.

Mama wa watu machozi yakamlengalenga, akanipiga picha mbele ya kanisa. Tukamtolea korosho zetu, nyeupe, nzima, safi, wala hazitazami, anatazama kidole. Mtu akishakuhurumia hanunui kitu kwako.

Tukarudi, tukasubiri oda, mpaka siku moja likaja lori na kasha kubwa kutoka Ujerumani, kikundi kizima kikakusanyika, vigelegele, tukafungua: mabuti ya theluji, mitumba, yana manyoya ndani, kwa jua hili la Mtwara! Oda hakuna. Korosho tukamuuzia dalali yule yule, naye alivyomkuta shemeji kavaa buti la manyoya kwenye mzani, alicheka mpaka akakaa chini.

Nikisafiri tena, wallahi, kiburi nakiacha mlangoni, viatu nabaki navyo.