Gunia la Upande wa Kyela

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kopo la rangi nyekundu na brashi iliyobaki na nywele chache. Tajiri, ndivyo tulivyomwita mwenye duka la pembejeo pale Tukuyu, alinionyesha ukuta akasema, "Andika: mali ikiuzwa hairudi." Mimi nina darasa la nne. Nilimwomba aniandikie kwanza kwenye kipande cha boksi, nikanakili herufi moja moja kama mtu anayechora ng'ombe. Zilitoka kubwa na zimenyooka, na mpaka leo sijaona ukuta Tukuyu nzima ulioandikwa vizuri kama ule. Sijisifu, nasema kilichokuwepo.

Pembejeo ni vitu vyote anavyohitaji mkulima na mfugaji: majembe, mbolea, dawa ya kuogesha ng'ombe, mbegu. Kabla ya hapo nilikuwa napakua mizigo kwenye duka la kijiji, miaka ya vibali. Ninyi vijana hamkuyaona hayo. Ulikwenda dukani na karatasi ya mwenyekiti inayosema umeruhusiwa kununua khanga mbili. Ukifika, khanga hakuna, kuna kitambaa cha suruali. Unachukua. Umeomba misumari ya inchi nne, unapewa ya inchi mbili, unashukuru na kuondoka haraka kabla muuzaji hajabadili mawazo.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu auze atakacho. Magari yakaanza kushusha mali kila wiki, na watu binafsi wakafungua maduka, Tajiri akiwa mmojawapo. Vitu vilijaa, lakini wateja waliendelea kushukuru vile vile kama zamani. Sisi wauzaji tulilijua hilo, na wengine walilitumia.

Mimi nilipanda cheo haraka kuliko wote waliokuwa pale. Mwaka wa pili nilikuwa nakaa kaunta na kushika mizani, na waliomaliza darasa la saba wakanibebea magunia. Siri yangu ilikuwa barabara. Maandishi kwenye magunia yalikuwa madogo, na mengine kwa lugha nisiyoijua, basi nilipanga duka kama barabara yetu inavyokwenda. Nikisimama nyuma ya kaunta nikitazama barabara, Mbeya ilikuwa mkono wangu wa kushoto na Kyela mkono wa kulia. Kila kitu cha kwenye baridi nilikiweka kushoto, cha kwenye joto kulia. Mbegu ya mahindi ya huku juu kushoto, ya kule bondeni kulia. Wakulima wengi hawakutaka mfuko mzima, kwa hiyo gunia lilifunguliwa na mbegu ikauzwa kwa kupima. Mteja akisema anatoka wapi, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Bwana shamba wa kata alikuja siku moja akanitazama nikiuza, akasema, "Rajabu, wewe ungesoma ungekuwa hatari." Nikamjibu, "Ningesoma ningekuwa kama wewe, nakuja kununua kwa mtu kama mimi."

Msimu mmoja wa kupanda, Tajiri alitoboa mlango mpya upande wa nyuma, unaoelekea sokoni. Kaunta ikageuzwa. Magunia ya mbegu yalikuwa mazito, tukayaacha palepale. Sasa nilikuwa natazama soko, barabara iko mgongoni kwangu.

Asubuhi ile ile aliingia Mama Atupele wa Kyimo. Nilimfahamu kwa sura. Kila mwaka alinunua mbegu kwetu. Alikuwa na haraka. "Kilo nne, baba, ile ya kwetu kwenye baridi. Mvua imeshika, kesho wenzangu wanakuja kunisaidia kupanda." "Ninayo, mama," nikamjibu, mkono wangu wa kushoto ukazama kwenye gunia, nikapima, nikafunga. Alishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akaondoka.

Alasiri akaja mzee mmoja kutoka Kyela, naye anataka mbegu. Nikampimia kwa mkono wa kulia. Akaitia kiganjani, akaigeuza-geuza.

"Kijana, unaniuzia nini?"

"Mbegu ya kwenu, mzee."

"Ya kwetu naijua kama meno yangu. Hii ni ya milimani."

Nilicheka kwanza, maana mtu wa kunifundisha mimi mbegu alikuwa hajazaliwa. Kisha nikageuza shingo, nikaiona barabara iko nyuma yangu. Nikampimia mzee upya kutoka gunia la kushoto. Kyela ilikuwa imehamia mkono wangu wa kushoto, na mimi nimempa mama wa Kyimo mbegu ya bondeni.

Niwaeleze ubaya wake. Mbegu ya joto ukiipanda kwenye baridi yetu inaota vizuri tu. Inarefuka, inakudanganya. Baadaye majani yanashikwa ugonjwa, na mahindi yanatoka na punje za kuhesabu. Unakuja kujua msimu umeshapita. Na shamba la Mama Atupele ndilo lililolisha watu saba nyumbani kwake.

Nilimwambia Tajiri yote, sikuficha. Alikuna kidevu.

"Atajua?" akauliza.

"Akivuna."

"Akivuna atasema ni mvua." Akanyoosha kidole ukutani. "Umeandika nini pale?"

"Mali ikiuzwa hairudi."

"Rajabu, sina roho mbaya. Ukimrudishia huyu mmoja, kesho kila aliyechoka na jembe lake atalileta hapa. Mwenzangu wa mtaa wa pili alifunga duka kwa huruma."

"Tajiri, yule mama hajakosea. Nimekosea mimi."

"Basi kosa ni lako, si la duka. Ukitoka na mbegu yangu, tafuta pa kukaa kaunta pengine."

Kesho yake alfajiri nilipima kilo nne za gunia la upande wa Mbeya, nikaacha karatasi juu ya mizani: nimechukua mimi, R. Nikafunga mbegu kwenye nailoni, nikaiweka kwenye keria ya baiskeli, nikapanda kwenda Kyimo na mvua inaninyeshea. Kuna vijana walishindwa ule mlima mikono mitupu. Mimi sikushuka kwenye baiskeli mpaka nilipoulizia kwake.

Wanawake sita walikuwa wamejipanga shambani na kamba, wameshapanda karibu theluthi. Nilimweleza Mama Atupele pale pale, kofia mkononi. Nilitegemea matusi. Badala yake alitazama mistari, akajifuta matope mikononi.

"Haya, si mbegu tu? Mmetupa, tumepokea. Tutapanda hii hii."

Hapo ndipo nilipoumia. Matusi ningeyavumilia. Niliwaona wale watu wa kitambaa cha suruali wakishukuru, na mimi nikiwa ndiye ninayewapa.

"Mama," nikamwambia, "jana uliomba nini?"

"Ya kwenye baridi."

"Mimi nikasema ninayo?"

"Ulisema unayo."

"Basi hii hukuinunua. Uliyonunua ndiyo hii niliyoleta."

Wifi yake, mama mnene mwenye sauti, akashika kiuno. "Na zilizoko ardhini zimenunuliwa na nani?"

Nikakunja suruali, nikapiga magoti mwanzo wa mstari wa kwanza, nikaanza kufukua. Mbegu ya dukani inapakwa dawa ya rangi nyekundu ili wadudu wasiile, kwa hiyo katika udongo wetu mweusi punje zilionekana, mbili katika kila shimo. Wanawake walisimama kunitazama. Wifi akasema, "Kuuza kakufundisha Tajiri, kufukua umefundishwa na panya?"

"Panya hafukui kwa kamba, mama. Mimi ni fundi."

Wakacheka, na mmoja akainama, kisha wote. Kufikia saa sita tulikuwa tumefukua na kupanda upya. Mashimo machache ya mwisho, mvua ilikuwa imeyaziba, hatukuyaona.

Nilirudi Tukuyu nikijua nimefukuzwa. Mama Atupele alikataa niende peke yangu. Alibeba zile mbegu za kufukuliwa kwenye kikapu, akaingia dukani wakati limejaa watu, akakiweka kikapu juu ya kaunta mbele ya Tajiri.

"Mali yako hii."

"Mama, soma ukuta."

"Sijui kusoma. Nisomee."

Tajiri akasoma kwa sauti. Mama akatikisa kichwa. "Ni kweli, mali ikiuzwa isirudi. Lakini hii hukuniuzia. Niliyonunua mimi ililala kwako hapa usiku mzima, na huyu kijana ameniletea. Hii nakurudishia kwa sababu ni yako. Mimi siyo mwizi."

Maneno yalikuwa yangu, nilimfundisha mimi shambani. Lakini lazima nikubali aliyasema vizuri zaidi. Tajiri alitazama kikapu, akanitazama mimi na magoti yangu ya matope, akacheka kwa pua.

"Ile rangi nyekundu bado ipo?"

"Ipo, Tajiri."

"Ongeza maneno: ila tukikupa siyo."

Nafasi ilikuwa ndogo, maneno yakateremka ukutani kama mteremko wa Kiwira. Tajiri aliniacha kaunta, na mwaka uliofuata akanipeleka kuwa msimamizi wa duka lake la Kiwira. Watu walikuja hapo kwa sababu ya ukuta wa Tukuyu. Jembe lililochoka hakuna aliyelirudisha. Baadaye nilifungua duka langu mwenyewe, nikajenga, nikasomesha. Mwanasheria mmoja aliyekuja kununua dawa ya ng'ombe aliniambia kuwa sheria nayo inasema hivyo: mteja apewe kile alichoambiwa anauziwa, na asipopewa ana haki ya kukikataa. Nikamwambia sheria imechelewa, sisi tuliipata Kyimo kwa magoti.

Sasa mgongo umekataa mizani. Duka analo binti yangu Zuhura, ambaye anasoma kila gunia mara mbili na ananicheka na barabara yangu. Namwacha acheke. Kitu kimoja nimemkataza kukigusa.

Msimu ule, kwenye yale mashimo tuliyoyakosa, yaliota mahindi marefu kuliko yote shambani. Mama Atupele hakuyang'oa. Alipovuna aliniletea hindi moja la pale: gunzi refu, punje kumi na moja. Nililitundika juu ya kaunta, na bado lipo. Mteja mgeni akiuliza ni la nini, Zuhura anamwambia, "Muulize baba." Nami namwonyesha kwa fimbo: "Hilo ndilo wangekula watu saba mwaka mzima."

Kisha namwambia afungue mfuko wake, aangalie tulichompa, kabla hajaondoka.