Msalaba Uliopigwa Randa

Wiki iliyopita nilikwenda Keko, kwa maseremala wa Dar es Salaam, kuchukua msalaba wa kaburi la mama yangu. Nilikuwa sijakanyaga barabara ile kwa miaka mingi, na pua ilitambua mahali kabla ya macho: mbao mbichi, gundi, vanishi. Fundi, kijana mwenye adabu, aliniamkia kisha akanitolea msalaba mweupe wenye jina la mama kwa rangi nyeusi. Chini ya jina, ingawa sikumwagiza, alikuwa ameandika: Sisi tulikupenda, lakini Mungu amekupenda zaidi.

"Hayo tunawawekea wote, mama," akaniambia. "Ni bure."

Nilikaa kwenye benchi lake, nikayasoma tena.

Baba yangu alikuwa seremala hapo hapo Keko, miaka ile ya Ujamaa. Karakana yake ilikuwa uani kwetu, na ua wenyewe tuligawana na jirani, mama wa Kiislamu aliyetoka kusini, muuza vitumbua. Sisi tulikuwa Wakristo wa kutoka bara. Asubuhi niliamshwa na sauti ya randa ikilainisha mbao, nikatoka kuokota maranda ya mninga, yale yaliyojikunja kama nywele, mama akawashia moto wa uji. Kama ulikuwepo utaukumbuka ule unga wa njano wa msaada, ulionuka gunia hata ukiutia ndimu. Sukari ilikuwa ya foleni kwenye duka la ushirika. Sisi watoto tulipanga mawe kushika nafasi, tukaenda kucheza, na ole wake aliyesogeza jiwe la mwenzake.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Alikuwa akijipachika maranda kichwani na kudai ana nywele za kizungu, halafu anakataa kuitwa kwa jina lake mpaka yaanguke. Msimu wa mvua akashikwa na homa. Zahanati walimtazama wakasema sindano zimekwisha, rudini Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi. Jumapili, watu wakiwa kanisani, akafa mapajani kwa mama.

Waombolezaji wakajaa uani. Kila aliyeinama kumshika mama mkono alisema maneno yale yale: tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi. Mzee wa kanisa aliongeza kwamba Mungu huwajaribu walio wake, tena Mkristo wa kweli hupita motoni. Jirani peke yake hakusema kitu zaidi ya pole mwenzangu. Alichukua nguo zetu chafu akafua, akaenda kutusimamia foleni ya unga.

Nilikuwa na miaka tisa na maneno yale niliyaamini. Kama Mungu alimpenda mdogo wangu ndiyo maana akamchukua, basi kupendwa na Mungu ni hatari. Nikaamua asinipende. Niliacha kuimba kwaya ya watoto. Nilitukana. Nilihamisha mawe ya watu kwenye foleni. Niliiba vitumbua vya jirani, na niliviiba mchana kweupe, maana wizi wa kificho Mungu angeweza asiuone.

Baba naye alikuwa akichonga msalaba wa mninga, usimikwe siku ya arobaini. Maneno yale yale aliletewa na mzee wa kanisa kwenye kikaratasi. Baba alipiga patasi herufi baada ya herufi, na mimi kila herufi niliizidishia kitumbua.

Jumamosi moja jirani akaja kwa mama akicheka, lakini macho hayakucheka. "Mwenzangu, mwanao alikuwaga mtoto mwema. Sasa ananiibia, na wizi wenyewe hajui. Anachukua huku ananitazama usoni."

Mama akaniita. "Unataka nini wewe? Una njaa?"

"Sina."

"Basi unataka nini?"

"Sitaki Mungu anipende."

Jirani aliacha kucheka. Mama akainuka kwenye mkeka ambao tangu msiba alikuwa hauachi. Akaingia karakana ya baba na kuchukua randa. Hakuwahi kuishika kabla ya siku ile. Akalaza msalaba kwenye meza ya kazi, akaanza chini, kwenye lile neno la mwisho, zaidi.

Bahati mbaya, au nzuri, mzee wa kanisa alikuwa anaingia kuutazama msalaba.

"Mama, unafuta nini? Hayo ni maneno ya faraja."

"Yamemfariji nani, mzee?"

"Usimkufuru Mungu."

"Simkufuru. Namwondolea lawama." Alikuwa anahema, maranda yanamwangukia miguuni. "Mwanangu hakupendwa zaidi. Mwanangu alikosa sindano. Ukitaka kuandika, andika hilo."

Mzee akamgeukia baba, mwanamume mwenzake. Baba alimsogelea mama, akamrekebisha mikono kwenye randa ili isiukwaruze ubao, akarudi kukaa. Wakabakiza jina peke yake. Jioni ile mama alinipeleka kwa jirani kuomba radhi, na jirani akanipa kitumbua, safari hii kwa mkono wake.

Ua ule sasa ni fremu za maduka. Jirani alikufa, baba alikufa, mninga wenyewe hauonekani kirahisi. Msalaba wa mdogo wangu uling'olewa, nadhani ukawa kuni, na kaburi siwezi tena kukuonyesha. Maneno ya mzee yule ndiyo hayakufa. Nimeyasikia katika kila msiba, na nimewatazama vizuri hao wanaojaribiwa: wengi ni watu waliofika zahanati wakaambiwa warudi Jumatatu. Mama aliumwa miaka miwili. Alisali kila asubuhi kwa ulimi uliokuwa haugeuki tena, na dawa za maumivu tulipata leo, kesho tukakosa. Anayejua kwa nini, aniambie. Asiyejua anyamaze, afue nguo. Kanisani bado naenda. Naenda nimenuna.

"Fundi," nikamwambia kijana, "futa hayo."

"Yote, mama?"

"Jina liache."

Alichukua msasa. Vumbi jeupe likanikalia kwenye khanga, nami sikulipangusa. Makaburini, tulipousimika, mchungaji aliinama akatazama ile sehemu tupu chini ya jina la mama.

"Fundi amesahau maneno," akaninong'oneza.

"Hajasahau, mchungaji."

"Basi tuandike nini?"

"Tusiandike kitu. Mungu mwenyewe akitaka kujieleza, nafasi ipo."